Lakshmi hapendi deni: Diwali na sisi vibarua wa Kitengela

Jumatatu, 20 Oktoba, mwendo wa saa mbili usiku, nilikuwa nimeketi kwenye ngazi za ploti yetu hapa Kitengela nikisubiri maji ya mfereji yarudi. Ghafla, upande wa Athi River, pa! pa! Papapapa! Mama jirani wa chumba cha nne alitoka mbio akamvuta mtoto wake ndani. Jamaa wa orofa ya juu akafunga dirisha, akazima taa kabisa.

Usitucheke. Sisi watu wa Kite mlio wa aina hiyo tunaujua kwa jina lingine. Tuliusikia Juni 2024. Mwaka 2025 tukausikia tena Juni na Julai, Barabara ya Namanga ikiwa imejaa mawe na moshi. Na wiki yenyewe ilikuwa nzito. Raila Odinga alifariki India tarehe 15, akazikwa Bondo tarehe 19, na kesho yake ndiyo ikawa Siku ya Mashujaa kule Kitui. Nani angekuwa na hamu ya fataki?

Halafu anga likawaka kijani, likawaka nyekundu. Mtu akasema kwenye giza, "Aah, kumbe ni Diwali ya Wahindi." Milango ikafunguliwa, mtoto akatoka kutazama, na mambo yakaishia hapo.

Mimi hayakuishia hapo. Nimelala na neno hilo moja: "ya Wahindi". Kwa maana ya dini ni kweli, Diwali si yangu. Nyumbani kwetu tumelelewa kanisani. Lakini Diwali imewahi kunikata mfukoni, na nina hakika wewe unayesoma hapa kama umefanya kibarua Athi River, Industrial Area au duka lolote la jumla, unajua ninachosema. Sherehe ni ya Wahindi, lakini geti likifungwa linafungwa kwa wote. Sasa hesabu ya siku hiyo ni ya nani?

Ngoja nikupe kisa changu kwanza, kisha tuingie kwenye sheria.

Niliacha chuo mwanzoni mwa 2021, mwaka wangu wa pili. Karo ilinishinda, na sikutaka mama auze kitu kingine. Mwezi wa nne nikapata kibarua kwenye godauni moja la vifaa vya ujenzi. Jina silitaji, na mahali silitaji. Kazi ilikuwa kupakia na kupakua: mabati, misumari kwa katoni, rangi, mifuko ya saruji. Malipo shilingi 600 kwa siku, lakini pesa tulikuwa tunapewa Jumamosi jioni, zote pamoja. Shika hilo la Jumamosi, tutalirudia.

Oktoba ya mwaka huo, Siku ya Mashujaa, Uhuru Kenyatta aliondoa kafyu ya corona. Watu wakafurahi, kazi ikaanza kuchangamka, na mimi nikaona sasa nimeshika njia. Kufika Novemba mosi nilikuwa na miezi saba pale ndani.

Jumanne ya wiki hiyo supavaiza alituambia tuache lori, tushike mifagio. Tulifagia godauni lote. Tukafuta vioo, tukaosha sakafu ya ofisi mara mbili, tukatoa mikebe mibovu iliyokuwa pembeni tangu nianze kazi. Hakuna aliyetueleza kwa nini. Alhamisi, 4 Novemba, saa sita mchana, mashine zilizimwa. Mlangoni mwa ofisi mama mmoja wa familia ya bosi alikuwa amechora ua kubwa kwa unga wa rangi, na kando yake nyayo ndogo nyekundu zinazoelekea ndani. Nikaitwa nisaidie kubeba meza.

Juu ya meza hiyo niliona kitu sijawahi kuona. Picha ya mama amesimama juu ya ua la yungiyungi, sarafu za dhahabu zikimwagika kutoka mkononi mwake. Taa ndogo za udongo. Na mbele yake, badala ya chakula au maua tu, vitabu vya hesabu. Kitabu chenye jalada jekundu, kipya kabisa, kimepakwa alama nyekundu ukurasa wa kwanza. Kando yake laptopu ya karani, nayo imewekewa ua juu.

Mzee, babake bosi, aliona nimekodoa macho. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo alikuwa na raha. Akaniambia, "Leo ni siku ya Lakshmi. Vitabu vya mwaka huu tunafunga, vipya tunafungua. Kama una deni la mtu, lipa kwanza. Lakshmi hapendi nyumba yenye deni."

Kisha tukapewa kila mtu sanduku la mithai, tukaambiwa tuonane Jumatatu.

Nilitoka pale nikifurahia sanduku langu mpaka nikafika stendi ya matatu. Hapo ndipo akili ilipoanza kupiga hesabu. Leo nimefanya nusu siku: 300. Ijumaa hakuna. Jumamosi hakuna. Nimepoteza 1,500, na kodi ya nyumba ni tarehe tano, yaani kesho. Kodi yangu ilikuwa 3,500. Mithai ilikuwa tamu, sitadanganya, lakini mwenye ploti hali mithai.

Basi tuanze na sherehe yenyewe, kwa sababu wengi wetu tumekaa na Wahindi Kenya hii miaka yote na bado tunajua fataki tu.

Diwali ni sikukuu ya taa, na husherehekewa kwa siku kadhaa, mara nyingi tano, kati ya Oktoba na Novemba kwa sababu inafuata mwezi. Usiku mkuu ni ule wa giza kabisa, mwezi usipoonekana. Wahindu wa sehemu tofauti wana sababu tofauti za kuwasha taa. Kaskazini mwa India watakwambia ni kukumbuka Rama aliporudi nyumbani Ayodhya baada ya miaka 14 uhamishoni. Bengal usiku huo wanamwabudu Kali. Majaini, ambao si Wahindu ingawa tunawachanganya, wanakumbuka mwalimu wao Mahavira.

Lakini Wahindu wengi wa Kenya asili yao ni Gujarat, magharibi mwa India, watu wa biashara. Kwao usiku huo ni wa Lakshmi, mungu wa kike wa mali na baraka. Imani yao ni kwamba usiku huo anapita nyumba kwa nyumba, na haingii mahali pachafu wala penye giza. Ndiyo maana tulifagia. Ndiyo maana ya taa, na ya zile nyayo nyekundu: ni nyayo zake, zinamwonyesha njia ya kuingia. Siku mbili kabla yake ni Dhanteras, siku ya kununua dhahabu au chombo kipya.

Ile ibada ya vitabu nayo ina jina: Chopda Pujan. Chopda ni kitabu cha hesabu. Mwaka wa wafanyabiashara wa Kigujarati unaisha na Diwali. Mwaka 2025, mwaka wao mpya wa 2082 ulianza tarehe 22 Oktoba. Kwa hivyo kabla ya kufungua kitabu kipya, unafunga cha zamani, na kwenye ukurasa wa kwanza unaandika maneno mawili: shubh, yaani heri, na labh, yaani faida. Angalia mpangilio huo. Heri ndiyo inatangulia, faida inafuata. Hayo si maneno yangu, ni ya kwao.

Sasa mtu asije hapa akasema hao wako mbali nasi. Sensa ya 2019 ilihesabu Wahindu 60,000 na kidogo katika nchi ya watu zaidi ya milioni 47. Ni wachache sana. Lakini Kitengela peke yake ilikuwa na watu zaidi ya 150,000 kwenye sensa hiyo hiyo, na wengi wetu asubuhi tunavuka kwenda Athi River na Mombasa Road kutafuta riziki kwenye viwanda na magodauni, na mengi ya hayo yana wenyewe wenye asili ya India. Ukienda ndani zaidi Kajiado, kule Merrueshi, kuna kiwanda cha klinka cha National Cement, kampuni iliyo chini ya Devki ya Narendra Raval. Huyo mnamjua kwa jina la Guru, na alikuja Kenya akiwa kijana wa kutumika hekaluni kabla hajawa mtu wa chuma na saruji. Na Devki, lile jina unaloliona kwenye malori barabarani, ni sawa na Devaki, ambaye kwa Wahindu ni mama mzazi wa Krishna. Ukienda Magadi, ile soda tangu 2005 iko chini ya Tata, kampuni ya India. Yaani unaweza kuwa hujawahi kuingia hekaluni na bado maisha yako yanafuata kalenda ya hekalu.

Hapo ndipo sheria inaingia.

Kenya tuna Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110. Ndani yake kuna orodha. Sehemu ya kwanza ni sikukuu za kila mtu: Krismasi, Leba Dei, Madaraka, Mashujaa, Jamhuri na kadhalika. Halafu kuna siku zilizotengewa watu wa dini fulani. Diwali imo humo: ni sikukuu kwa watu wa dini ya Kihindu. Si kwa Mkenya yeyote tu. Kwa hivyo kisheria, siku ya Diwali, mimi Mkristo wa Kitengela siko likizoni. Niko tayari kufanya kazi. Nimeamka, nimevaa, nina nauli. Ni geti ndilo limefungwa.

Umeona tatizo? Sikukuu ni ya bosi, lakini gharama ya sikukuu ni ya kibarua. Yeye anapumzika kwa heshima ya imani yake, na mimi ninapumzika kwa njaa. Mwaka 2025 swali hili lilijificha kwa sababu Diwali iliangukia 20 Oktoba, Siku ya Mashujaa, na nchi nzima ilikuwa mapumzikoni. Hakuna aliyeuliza kitu. Miaka mingine huwa wazi kama kidonda.

Lakini hebu niwe mkweli, maana ni rahisi sana kwenye mtandao kuandika "Wahindi wanatunyanyasa" ukapata likes elfu moja. Nina binamu yangu Kajiado mjini. Anafanya kazi kwa duka la jumla, mwenyewe naye ni Mhindu, anawasha taa zile zile na kumwomba Lakshmi yule yule. Diwali ikifika, binamu yangu anapewa siku mbili, mshahara wake hauguswi, na juu yake anapata bonasi ya nusu mwezi. Anaingojea Diwali kuliko Krismasi! Nilipomuuliza siri ni gani, alinijibu kama mtu anayeshangaa swali: "Mimi niko na barua, kaka."

Barua ya ajira, basi. Dini ni moja na sherehe ni moja. Tofauti kati yangu na yeye ilikuwa karatasi.

Na kama bado unadhani ni mambo ya kabila, njoo Kitengela mwezi wa kumi na mbili. Makontrakta wetu wenyewe, watu tunaosali nao, wanafunga mjengo wiki ya Krismasi na kurudi katikati ya Januari. Kibarua wa mjengo analipwa nini wiki hizo tatu? Salamu za heri ya mwaka mpya. Hapo hakuna Lakshmi, kuna Yesu, na mfuko ni mtupu vilevile. Kwa hivyo shida yetu si mungu wa mtu. Shida ni kwamba sisi hatumo kitabuni.

Njia ya chuki tumeshaona inakofika. Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Maduka na viwanda vikagawiwa. Vibarua ndio waliopewa? Hapana, wakubwa na wanajeshi ndio waliochukua, bidhaa zikaisha madukani, viwanda vikasimama, na kibarua akabaki bila bosi na bila kazi. Sisi Kenya tulikwenda njia nyingine. Julai 2017 serikali ilitambua Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa kabila la 44. Sawa. Lakini kama sisi ni makabila ya nchi moja, basi tunaweza kuulizana maswali ya nyumbani bila kufukuzana.

Tena Siku ya Mashujaa yenyewe ina mtu ambaye tungepaswa kumkumbuka kwa jambo hili. Makhan Singh. Alikuwa Singasinga, si Mhindu, alizaliwa Punjab 1913 akaletwa Nairobi akiwa mvulana. Mwaka 1935 akawa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi, na alichofanya ni kukifungulia mlango mfanyakazi wa rangi yoyote. Wakati ule hilo lilikuwa jambo la kushtua. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunda muungano wa vyama vya wafanyakazi Afrika Mashariki, Kubai mwenyekiti, Singh katibu. Aprili 1950, Kaloleni, alisimama akadai uhuru wa nchi hizi. Mwezi uliofuata wakakamatwa. Singh hakutoka mpaka 1961. Kubai naye alikamatwa tena, akawa mmoja wa wale sita wa Kapenguria, ambao kukamatwa kwao tarehe 20 Oktoba 1952 ndiko chanzo cha sikukuu hii tunayolala nyumbani.

Kwa hivyo mtu wa kabila la 44 alifungwa miaka 11 akitetea kibarua mwafrika. Na wale wa kwanza kabisa wa kabila hilo kuja bara kwa wingi walikuja wakiwa nani? Vibarua! Waingereza walileta watu karibu 32,000 kutoka India kujenga reli kati ya 1896 na 1901. Karibu 2,500 walikufa. Reli ile ilipita hapa hapa, uwanda wa Athi, kabla haijafika Nairobi 1899. Ukipita pale Athi River ukaona reli ya zamani, jua imelazwa na watu wa mkataba, waliokuwa na karatasi mbaya lakini walikuwa na karatasi. Wengine wao waliwasha taa za Diwali kwenye mahema, mbali na nyumbani. Mjukuu wao akiwa bosi leo, sidhani anahitaji mtu wa kumfundisha uchungu wa siku isiyolipwa. Anahitaji kukumbushwa tu.

Na kuna jambo lingine litakalokushangaza. Kule India kwenyewe, bonasi ya Diwali si hisani tu. Kuna sheria inayosema mahali penye wafanyakazi 20 na zaidi pampe mfanyakazi wa kipato cha chini bonasi ya mwaka isiyopungua asilimia 8.33 ya mshahara. Piga hesabu: hiyo ni kama mshahara wa mwezi mmoja wa ziada. Na desturi ni kuilipa karibu na Diwali. Huku kwetu hakuna sheria ya bonasi kabisa. Bosi akikupa, shukuru. Asipokupa, huna pa kwenda. Yaani Lakshmi aliposafiri kuvuka bahari alibeba mithai na taa, ile bonasi akaiacha bandarini.

Sawa, tufanye nini? Hapa naomba usome polepole, maana hii ndiyo sehemu ningetamani mtu aniambie 2021.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamweleza kibarua kuwa ni mtu anayelipwa kila mwisho wa siku, na ambaye hakuajiriwa kwa muda unaozidi saa 24 kwa mara moja. Sasa rudi kwenye ile Jumamosi yangu. Mimi nililipwa kwa wiki. Nilirudi kila siku, geti lile lile, kwa miezi saba. Je, nilikuwa kibarua kweli, au niliitwa tu hivyo?

Kifungu cha 37 ndicho cha kukariri kama namba ya M-Pesa. Kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofika jumla ya mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi ambayo haiwezi kuisha kwa chini ya miezi mitatu, ajira yake inageuka. Anakuwa kama mtu wa mshahara wa mwezi, na hawezi kufukuzwa bila notisi. Akifikisha miezi miwili, anastahili masharti ambayo angeyapata kama asingeanza kama kibarua. Mimi nilikuwa na saba! Na kwa mtu wa mshahara wa mwezi, kifungu cha 19 kinaorodhesha makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kufanya. Nimeisoma orodha hiyo. Sherehe ya bosi haimo.

Najua unachofikiria. "Nikienda kumwambia bosi kifungu cha 37, kesho geti halinifungukii." Ni kweli, na sitakudanganya kwamba sheria ina mikono ya kukushika ukianguka. Lakini kuna mambo hayahitaji ujasiri, yanahitaji kalamu. Andika kila siku uliyofanya kazi, tarehe na kazi gani. Usifute jumbe za M-Pesa za malipo, hizo ni ushahidi. Piga picha kadi ya getini. Jua majina ya wenzako wawili wanaoweza kusema ulikuwepo. Sheria inamtaka mwajiri aweke rekodi, na kesi ikifika mahakamani naye hana mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye, si wewe. Na ofisi ya kazi ya serikali haihitaji wakili ili uingie.

Jambo la pili ni kwenda kwa wingi. Mtu mmoja akiuliza ni mkaidi, watu kumi wakiuliza ni mkutano. Makhan Singh alilijua hilo 1935. Uliza kwa adabu, na uliza mapema, wiki kadhaa kabla ya sikukuu, si siku yenyewe ukiwa umeshika sanduku la mithai. "Bosi, Diwali mkifunga, sisi siku hizo zitahesabiwa vipi? Tunaweza kufidia Jumapili moja?" Hilo ni swali la mtu mzima. Wapo watakaokataa. Wapo, kama yule bosi wa binamu yangu, ambao watashangaa kwamba hamkuuliza mapema.

Na jambo la tatu, hili ni la moyoni. Tujuane. Sikukuu hizi si siri. Siku ya mwaka mpya wao, mahekaluni wanafanya Annakut, vyakula vya kila namna vinapangwa mbele ya miungu kama mlima. Nairobi, Forest Road, kuna lile hekalu la mawe la BAPS Swaminarayan lililofunguliwa 1999, ambalo wengi wetu tumelipita kwenye matatu miaka yote bila kugeuza shingo. Ukijua mtu anaomba nini, unajua pia wapi pa kumshika. Mimi sikujua. Nilifikiri yule mzee ananisimulia hadithi ya picha ukutani. Kumbe alinipa hoja yangu yote mkononi, bure, na mimi nikachukua mithai nikaenda.

Kazi ile niliiacha Februari 2022, mgongo ulipoanza kulalamika. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyeuliza nilikwenda wapi. Kibarua hafukuzwi, anakosekana tu. Siku hizi naandika, nauza data, napiga picha za harusi wikendi. Maisha yanasonga. Lakini usiku ule wa 20 Oktoba, fataki zilipolia na jirani akamvuta mtoto ndani, nilimkumbuka yule mzee na lile jalada jekundu.

Kama angekuwa mbele yangu leo ningemwambia hivi, bila kelele: Mzee, ulisema Lakshmi hapendi nyumba yenye deni. Mimi niliosha sakafu ya ofisi mara mbili ili apite. Nilibeba meza aliyowekwa juu yake. Shilingi 1,500 ni kidogo sana kwenye kitabu chako, lakini hata mstari mmoja haukuandikwa, kwa sababu jina langu halikuwa ndani. Ukurasa wa kwanza uliandika heri kabla ya faida. Heri yangu uliiandika wapi?

Diwali ya 2026 ni Jumapili, 8 Novemba. Swali litajificha tena kwa wengi, maana Jumapili mtu yuko nyumbani. Lakini 2027 itakuwa Ijumaa, 29 Oktoba, siku ya kazi, na geti litafungwa. Wewe ambaye leo una mwezi wako wa kwanza kwenye godauni fulani, anza kuandika tarehe zako usiku huu. Kufikia hapo utakuwa na kitabu chako mwenyewe.